Safari ya kwanza Bangkok na shangazi mwenye magoti mabovu: tulale wapi, tutembeeje?

Mshauri wetu, assalaam alaykum.

Mimi ni mama mwenye duka la nguo za kike Kariakoo. Kwa miaka yote nimekuwa nikinunua mzigo kwa wenzangu wanaoufuata Bangkok wenyewe, na mwaka huu nimeamua kuufuata mwenyewe kwa sababu faida inayobaki mikononi mwa watu wa kati imekuwa kubwa kuliko ile ninayobaki nayo mimi. Viza nimepata na tiketi nimekata. Tutafika uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi siku ya Alhamisi, mwezi wa Septemba, majira ya saa kumi na moja jioni, na tutaondoka Jumanne inayofuata usiku.

Nasema tutafika kwa kuwa nitafuatana na shangazi yangu, ambaye ndiye aliyenilea. Ana miaka 68, na nimemwomba aje kwa sababu anajua kitambaa kwa kukigusa tu, na muuzaji hawezi kumdanganya. Tatizo lake ni magoti. Ngazi huzipanda kwa kupumzika kila baada ya hatua chache, na mahali pa kuruka au kuchuchumaa hapawezi kabisa.

Kuna kijana mwenzetu anayeishi huko ambaye tumefahamiana naye kwa simu. Ametutafutia chumba barabara ya Ramkhamhaeng, karibu na chuo kikuu, kwa bei ambayo ni nusu ya zile ninazoziona katikati ya mji, na anasema chakula cha halali kimejaa mtaa mzima. Anasema pia kwamba atatuzungusha kwa gari lake kila siku kwa dola 80. Rafiki yangu aliyewahi kwenda ananiambia kwamba Bangkok ni mji usio na mwisho, na kwamba aliwahi kukaa saa mbili ndani ya teksi akienda mahali ambapo kwenye ramani palionekana pua na mdomo. Mwingine ananiambia niachane na magari nipande treni, na mwingine anasifia boti. Katika siku hizo nataka kufika masoko ya Pratunam, Bobae, Sampeng na Chatuchak, na shangazi naye ameomba aone kasri la mfalme na soko la kuelea ambalo ameliona kwenye televisheni.

Je, yote haya yanawezekana, na je, nikubali mpango wa kijana huyu? Chumba bado naweza kukighairi bila kutozwa.

Mama Nasra, Dar es Salaam

*

Waalaykum salaam, Mama Nasra, na shangazi umfikishie shikamoo yangu.

Nianze na chumba, kwa sababu mambo mengine yote uliyoyauliza yanategemea mahali mtakapolala. Kighairi leo, kabla muda wa kughairi haujapita. Sina la kumlaumu kijana huyo juu ya uchaguzi wake. Ramkhamhaeng ni mtaa mwema, una Waislamu wengi, chakula cha halali kinapatikana kila hatua na bei zake ni za watu wa kawaida. Mwanafunzi, au mtu anayehamia Bangkok kwa mwaka mzima, ningemshauri apange huko bila kusita. Lakini wewe una siku nne kamili za kazi na mzee mwenye maumivu, na masoko yako yako upande mwingine wa foleni mbaya.

Ni vizuri uelewe kwa nini mji huu unachelewesha watu namna hii, kwa sababu ukishaelewa utaweza kuamua mwenyewe hata pale ambapo ushauri wangu haukufika. Sehemu kubwa ya Bangkok ya leo ilikuwa mashamba ya mpunga yaliyokatwakatwa na mifereji. Mji ulipopanuka, wenye mashamba walichonga njia nyembamba kutoka barabara kuu kuingia ndani ya viwanja vyao, na nyingi kati ya njia hizo, ambazo wenyeji huziita soi, hufika mwisho bila kuungana na njia ya jirani. Matokeo yake ni kwamba mamia ya vichochoro humwaga magari yao katika barabara kuu chache, na mtu anayetaka kwenda mtaa wa pili hana njia ya mkato, bali lazima atoke hadi barabara kuu na kuingia foleni pamoja na kila mtu. Hata namba za soi hupotosha mgeni. Witiri ziko upande mmoja wa barabara na shufwa upande wa pili, na hazikui kwa mwendo mmoja, kiasi kwamba kwenye barabara ya Sukhumvit, eneo la Ekkamai, soi namba 63 hutazamana na soi namba 42. Kwa hiyo rafiki yako hakutia chumvi. Mahali palikuwa karibu kweli kwenye ramani, ila hapakuwa na njia ya kupafikia.

Ramkhamhaeng ni moja ya hizo barabara kuu zinazopokea mafuriko ya magari. Reli ya chini ya ardhi inajengwa chini yake, lakini nikiandika haya bado haijaanza kubeba abiria katika sehemu hiyo ya chuo kikuu. Gari la kijana wako, hata liwe jipya na lenye kiyoyozi, litasimama pale pale ambapo teksi zinasimama, nawe utakuwa unalipa dola 80 kwa siku ili usimame kwa raha. Wenyeji wa huko wanaofanya kazi katikati ya mji hulijua hilo, na ndiyo maana wengi wao hupanda boti za mfereji wa Saen Saep, unaopita nyuma ya majengo hadi Pratunam na kuendelea mpaka pembeni mwa mji wa kale.

Hizo ndizo boti ulizosifiwa, na sifa zake ni za kweli, kwani hazijui foleni na nauli yake ni ndogo mno. Mimi nazipenda kuliko usafiri wowote wa mji ule. Lakini sikiliza jinsi zinavyopandwa, kisha mfikirie shangazi. Boti inafika gatini kwa kasi, inagusa matairi yaliyofungwa ukingoni, na inasimama kwa muda mfupi sana huku ikiendelea kuyumba. Abiria hushika kamba, hukanyaga ukingo wa boti na kujitosa ndani kwenye mabenchi, wakati wengine wanatoka upande huo huo. Mkusanya nauli, mwenye kofia ngumu kichwani, hutembea juu ya ukingo wa nje wa boti akipokea fedha huku maji yakipita chini ya miguu yake. Pembeni kuna turubai la plastiki ambalo abiria wa mwisho wa benchi hulipandisha kwa kamba kila boti nyingine inapopita, ili maji machafu ya mfereji yasiwarukie watu usoni. Wewe utazoea mara moja, lakini mtu asiyeweza kuruka hapaswi kujaribu hata siku moja, na hapa sitakupa nafasi ya kujadiliana nami.

Sasa basi, tafuteni chumba katika eneo lililo kati ya soko la Pratunam, kituo cha treni cha Ratchathewi na barabara ya Phetchaburi. Mtalipa zaidi, pengine mara mbili kama ulivyoona, lakini ukiondoa dola 80 za gari kwa kila siku utakuta umebakiwa na fedha. Eneo hili lina mambo matatu ambayo ni nadra kuyakuta pamoja Bangkok. Kwanza, soko lako kubwa litakuwa la kufikiwa kwa miguu, na hilo lina maana kwamba shangazi akichoka saa sita mchana anarudi kulala, na wewe ukijaza mifuko unaipeleka chumbani na kurudi sokoni. Pili, treni zinazoelekea pande zote ziko jirani. Tatu, ndani ya soi ya 7 ya barabara ya Phetchaburi kuna msikiti wa Darul Aman, na kuuzunguka kuna migahawa na meza za chakula cha halali kuanzia wali wa biriani hadi supu, kwa hiyo lile jambo jema la Ramkhamhaeng hamtalikosa. Kabla ya kulipia hoteli yoyote, waandikie uwaulize kama ina lifti, kwa sababu nyumba nyingi za wageni za bei nafuu katika mitaa ile ni ghorofa nyembamba zenye ngazi tupu.

Kuhusu siku ya kufika, kuna mawili yanayowasumbua sana wasafiri wa kutoka kwetu. Thailand inawataka wasafiri wanaotoka Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine za ukanda wetu waonyeshe cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na hukaguliwa kwenye dawati la afya kabla ya kufika kwa maofisa wa uhamiaji. Watu wengi hupanga mstari mrefu wa uhamiaji, wanafika mbele, kisha wanarudishwa nyuma kwenda kugongewa muhuri wa afya. Ukishuka kwenye ndege tafuteni dawati hilo kwanza, mkiwa na kadi zenu za njano mkononi. Jambo la pili ni kwamba tangu tarehe 1 Mei 2025 kila mgeni hujaza fomu ya kuwasili kwenye tovuti ya serikali ya huko ndani ya siku tatu kabla ya kufika, na fomu hiyo haina malipo; tovuti yoyote inayokudai fedha kwa ajili yake si ya serikali.

Ukitua saa kumi na moja jioni utatoka uwanjani wakati watu wa mji wanatoka kazini, na Septemba ni mwezi ambao mvua kubwa hupenda kunyesha jioni. Mvua hiyo ikikukuta ndani ya teksi kwenye barabara ya juu, hakuna cha kufanya isipokuwa kusubiri. Kwa hiyo shukeni ngazi za umeme au lifti hadi kituo cha treni kilicho chini ya uwanja, mpande treni ya kwenda mjini mpaka kituo chake cha mwisho, Phaya Thai. Safari hiyo huchukua takribani nusu saa na nauli haizidi baht 45 (baht ndiyo fedha ya Thailand). Kutoka Phaya Thai chukueni teksi fupi hadi hotelini. Kituo cha Ratchaprarop kiko karibu zaidi na Pratunam, lakini kwa masanduku na kwa magoti ya shangazi ningechagua Phaya Thai, kwa kuwa ni kituo kikubwa na ni rahisi kupata gari nje yake.

Ijumaa msiende mbali. Ingieni jengo la Platinum na soko la Pratunam lenyewe, mkumbuke kwamba maduka mengi ya pale yana bei mbili, na ile ya jumla mara nyingi huanza ukichukua vipande vitatu. Kutoka upande wa kituo cha Chit Lom kuna njia ya miguu iliyoinuliwa juu ya barabara ambayo inapita kwenye maduka makubwa na kuvuka mfereji hadi Platinum, nayo itamsaidia sana shangazi kwa sababu kule juu hakuna bodaboda wala madimbwi.

Jumamosi asubuhi ndiyo siku ya Chatuchak, ambalo ni soko la mwisho wa wiki. Treni ya juu ya BTS inatoka Ratchathewi moja kwa moja hadi Mo Chit bila kubadilisha. Nendeni mapema, mrudi kabla ya jua la mchana, kwa kuwa chini ya yale mabati hewa haipiti, na hata vijana huzidiwa. Kwa magoti ya shangazi, kila kituo mtakachoshuka ulizieni lifti kabla hamjaanza kupanda, kwa sababu mara nyingi iko upande mmoja tu wa barabara, na mtu asiyejua hupanda ngazi ndefu wakati lifti iko ng'ambo. Jueni pia kwamba treni za BTS na zile za MRT za chini ya ardhi ni za waendeshaji tofauti wenye tiketi zao. Ukibadilisha kutoka moja kwenda nyingine unatoka getini na kulipa upya. MRT hupokea kadi ya benki ya Visa au Mastercard inayoguswa tu getini. BTS mnunue tiketi za safari moja moja kwenye mashine, na kwa siku chache mlizonazo hizo zinatosha.

Kasri la mfalme liwekeni Jumapili asubuhi, kwa sababu asubuhi ya Jumapili ndiyo wakati pekee ambao ningewaambia mpande teksi kuvuka mji bila wasiwasi. Kiingilio cha mgeni ni baht 500, tiketi huuzwa kuanzia saa mbili na nusu asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, na mavazi yenu ya kujistiri hayatawaletea shida yoyote mlangoni. Mkiwa karibu na kasri, mtu aliyevaa vizuri na mwenye Kiingereza kizuri anaweza kuwasogelea na kuwaambia kwa upole kwamba leo kumefungwa kwa ajili ya sherehe, na kwamba bajaji hii hapa itawazungusha kwenye mahekalu mengine kwa baht ishirini tu. Msimsikilize. Safari hiyo huishia kwenye duka la vito au la fundi cherehani ambako dereva hulipwa kwa kuwaleta, na itakuwa huzuni kubwa kwa watu wa nchi inayochimba tanzanaiti kuuziwa vipande vya mawe kwa bei ya uongo. Tembeeni mpaka langoni mjionee wenyewe.

Jumatatu mgawane. Bobae nenda peke yako asubuhi kwa boti ya Saen Saep, kwa kuwa soko hilo lina gati lake juu ya mfereji huo huo na ni safari fupi kutoka Pratunam. Ukirudi, mchukue shangazi mwende Phahurat, soko la vitambaa la Wahindi, ambalo hukulitaja katika barua yako lakini mimi naona ndilo lenye maana zaidi kwa mtu mwenye mikono kama yake. Pale atakaa kwenye kiti cha duka, watamfunulia majora, naye atagusa na kukataa mpaka aridhike. Kituo cha MRT cha Sam Yot kiko karibu. Sampeng inaanzia hapo jirani, nayo ni nzuri kwa vifungo, lesi, shanga na mapambo ya nywele, lakini ni kichochoro chembamba ambacho watu, mikokoteni na pikipiki zinagombea nafasi moja. Mwache shangazi dukani Phahurat uingie wewe, utoke.

Soko la kuelea mnyime kwa upendo. Lile la kwenye televisheni, Damnoen Saduak, liko mkoa wa Ratchaburi, karibu kilomita 100 kutoka Bangkok, na litakula siku yenu nzima na kumlazimisha kushuka kwenye mtumbwi mdogo. Kama ana hamu ya maji, mkitoka kasrini Jumapili teremkeni kwenye gati la Tha Tien mkatazame mto wa Chao Phraya na hekalu la Wat Arun ng'ambo, naye atakaa kwenye kivuli aone maboti yanavyopishana kwa muda anaoutaka.

Teksi bado mtazihitaji, hasa usiku na wakati wa mvua. Mwambieni dereva atumie mita, ambayo huanzia baht 35 kwa teksi ya kawaida, na akikataa na kutaja bei yake, shukeni msubiri nyingine. Eneo la Pratunam jioni wengi watakataa, na hapo ndipo programu ya simu ya kuitia gari inafaa. Grab ndiyo inayotumika zaidi, na Bolt unayoitumia Dar inafanya kazi huko pia. Nunueni laini ya simu uwanjani kwa kutumia pasipoti, na siku zote mbebe kadi ya hoteli yenye jina na anwani kwa maandishi ya Kithai, kwa sababu dereva mzee asiyesoma herufi zetu hataelewa jina unalolitamka hata ulirudie mara kumi. Pikipiki za abiria zipo, madereva wake huvaa vizibao vya rangi ya chungwa vyenye namba, na utaziona zimejipanga kwenye mdomo wa kila soi kama vijiwe vya bodaboda vya kwetu. Kwako wewe zinafaa kwa umbali mfupi ndani ya soi, ukivaa kofia.

Kijana wenu msimtupe. Mwambieni kwamba hamhitaji gari, bali mnamhitaji yeye, kwa siku moja ya Jumanne asubuhi, awasindikize kwenye kampuni za kargo zilizo katika vichochoro vya Pratunam, awasaidie kupima mzigo, kulinganisha bei za kilo na kuhakikisha kwamba stakabadhi inataja idadi ya mabelo na jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti. Kubalianeni malipo yake kabla, na umuulize waziwazi kama kampuni hiyo nayo inamlipa. Pasipoti zenu zikae kwenu wakati wote.

Siku hiyo ya Jumanne mzigo uwe umekwisha kukabidhiwa kabla ya saa saba mchana. Mkibaki na masanduku ya mkononi tu, ondokeni hotelini saa tisa alasiri hata kama ndege ni ya usiku, mpande treni ile ile kutoka Phaya Thai kabla watu hawajatoka kazini, na shangazi aombewe kiti cha magurudumu kwa kampuni ya ndege tangu sasa. Omba huduma hiyo kwa safari zote mbili, kwa sababu Suvarnabhumi ina mwendo mrefu kutoka kaunta hadi mlango wa ndege, na huduma hiyo haiongezi gharama yoyote kwenye tiketi.